Makofi ya Washauri wa Kasongo

Katika senta ya Kasongo, miaka ile ambayo Wabelgiji walikuwa bado wakitutawala na hakuna aliyedhani kwamba wangeondoka, palikuwa na nyumba moja ya udongo iliyojulikana kwa milango yake. Kuta zake zilifanana na kuta za jirani yeyote na paa lake lilikuwa la majani, lakini milango na madirisha yalikuwa ya mbao ngumu, yamerandwa yakang'aa, kila ubao umeingia katika mwenzake bila msumari. Aliyeyatengeneza ni Raphaël, seremala wa karakana ya Serikali. Aliyebaki kuyafungua asubuhi na kuyafunga jioni ni mjane wake, Léocadie. Habari yake ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu watu wa namna yake walitawaliwa na sheria nyingi kuliko wengine wote, na hakuna aliyewahi kuwauliza neno juu ya hata moja.

Léocadie alizaliwa katika kijiji cha Wamaza, Mbangubangu kwa baba na kwa mama. Siku hizo vijiji vya upande wa Kabambare vililazimishwa kulima pamba. Aliyeandikwa kuwa mkulima ni mwanamume, lakini mgongo ulioinama shambani mara nyingi ulikuwa wa mwanamke. Léocadie aliijua pamba kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Shangazi yake alipomchukua kwenda naye Kabambare ili afundishwe dini, aliondoka bila kulia, na wanawake wa kijijini walimsema kwa hilo muda mrefu. Huko Kabambare alimkuta Raphaël akipachika madirisha ya zahanati. Walifunga ndoa kanisani, na Raphaël alipohamishiwa Kasongo, walihama pamoja. Walizika watoto, wakalea mmoja tu aliyeishi, binti yao Véronique, ambaye baadaye aliolewa na kurudi Kabambare. Kisha masika moja Raphaël akashikwa na kifua, na masika hayajaisha, akafa.

Mjane hakukaa bure. Alinunua mpunga kwa watu waliotoka Nyangwe, akautwanga, akaupepeta, akauza mchele sokoni. Mchele wake haukuwa na mawe. Wake wa Wangwana, yaani Waislamu wa senta, ambao katika mambo ya pilau hawamsamehe mtu, walimtuma mtu kwake kila palipokuwa na arusi. Aliishi hivyo, hana mali, hana deni, na asubuhi kinu chake kilisikika kabla ya kengele ya misioni.

Sasa ni lazima nieleze senta ilikuwa kitu gani, maana bila hilo jambo lililompata halieleweki. Senta haikuwa kijiji. Watu wa kila kabila walikaa humo: Wazimba na Wabangubangu na Walega waliobatizwa, na Wangwana ambao babu zao walikuja na biashara ya Waarabu. Kwa Kifaransa jina lake lilisema waziwazi kwamba ni mahali palipo nje ya desturi. Hapakuwa na shefu wa ukoo. Shefu wa senta aliwekwa na Serikali, na pamoja naye washauri wachache waliokaa katika baraza ili kuamua mambo ya mitaa, ya soko, ya usafi, na ya nani akae na nani aondoke. Washauri nao walipendekezwa, wakakubaliwa na Mtawala wa teritware, yaani wilaya, Mzungu. Hakuna mkaaji wa Kasongo aliyeulizwa anamtaka nani. Jambo hili lilikuwa baya, na nitaendelea kusema kwamba lilikuwa baya hata mbele ya wale wanaokumbuka barabara zilizofagiwa.

Tena kanuni zilimhesabu mwanamke kwa mume wake. Aliyekuwa na mume alikuwa mke wa fulani. Asiyekuwa naye aliitwa mwanamke aishiye peke yake, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kama jani juu ya maji. Hata hivyo, kanuni hizo hizo zilikuwa na neno moja jema: mkaaji hawezi kunyang'anywa kibali wala parseli, yaani kiwanja chake, isipokuwa washauri walio wengi wamekubali katika kikao cha wazi. Neno hilo lilikuwepo. Lilikuwa limelala tu, kwa sababu sheria hailii ikikanyagwa. Anayelia ni mtu.

Shefu wa senta wakati huo aliitwa François. Zamani alikuwa mtunza ghala la pamba. Sitasema kwamba alikuwa mtu mwovu. Aliamka mapema, aliyajua majina ya watu wake, na hakumpiga mtu. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja: yeye ambaye hakuzaliwa na ushefu, alipenda heshima ya mashefu waliozaliwa nao. Katika vijiji vyetu shefu hupigiwa makofi. Siyo makofi ya kelele. Mikono hukunjwa kidogo kama bakuli, ikagongana polepole mbele ya kifua. Hupigiwa anapoingia, anapokunywa, anapopiga chafya, na zaidi ya yote anapomaliza kusema. François alirithi ofisi iliyo nje ya desturi, akaingiza desturi kwa mlango wa nyuma. Washauri wakampigia. Hata Wangwana, ambao jambo hili halikuwa lao, walijifunza, maana mtu hataki kuwa peke yake na mikono iliyonyamaza.

Basi mwaka mmoja, kiangazi kinakwisha, asubuhi moja polisi wa senta alisimama mbele ya mlango wa Léocadie. Alikuwa kijana wa heshima, akavua kofia.

"Mama, Shefu amenituma. Baraza lilikata neno. Wanawake wa peke yao wenye parseli karibu na soko watarudi kwa ndugu zao. Wewe utarudi Wamaza mbele ya mvua."

Léocadie aliendelea kupepeta. "Wanawake wangapi?"

"Sasa hivi ni wewe tu, mama."

"Na parseli?"

Kijana alitazama kofia yake. "Wanasema shemeji yake Shefu, yule mwenye duka Kabambare, anatafuta mahali pa kuweka duka huku."

"Nani alikubali?"

"Washauri wote, mama. Karani ameandika ya kama wote walikubali."

Alipoondoka, Léocadie aliweka ungo chini. Alijua maana ya Wamaza. Kaka yake alikuwa bado hai, na kaka yake alikuwa bado anaandikwa katika pamba. Angekaa katika ua wa wake za kaka yake, angelala karibu na kuku, na alfajiri angeinama katika mistari ile ile aliyoiacha akiwa msichana. Milango ya Raphaël isingebebeka. Lakini kilichomchoma zaidi, kama alivyosema mwenyewe, ni lile neno "wote". Miongoni mwa hao wote alikuwemo Faradji, mshona nguo, jirani yake, aliyelibeba jeneza la Raphaël ingawa dini zao zilikuwa mbalimbali.

Alikwenda kwake moja kwa moja. Faradji alikuwa barazani, mguu juu ya cherehani.

"Baba Faradji, unashonea watu nguo. Na kinywa chako ni nani alikishona?"

Faradji aliondoa mguu. "Karibu kiti, Mama Véro. Matusi iko nzito, haifai kuitukana ukisimama."

"Sikai. Munanifukuza, halafu munanipa kiti?"

"Nani anakufukuza?"

"Ninyi. Baraza. Polisi ametoka kwangu sasa. Anasema mulikubali wote, na wewe ndani."

Faradji alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba amelala juu ya paa. "Miye? Tulikwenda ku baraza, ndiyo. Shefu alisema juu ya mbuzi wanaotembea. Akasema juu ya vyoo. Akasema juu ya wanawake na maparseli, alisema mingi, hata sikumbuki. Akamaliza. Tukapiga makofi, tukarudi kwetu."

"Mulikubali lini?"

"Hakuna mutu aliyetuuliza kitu."

Kutoka nyuma ya pazia mkewe, Subira, ambaye hakuonekana lakini alisikia kila neno la mtaa ule, akasema: "Kila mwezi unaenda kumupigia ule mutu makofi. Mikono yako imejua kuzungumuza kuliko wewe."

"Subira, tunasemezana hapa."

"Ninasikia. Ndiyo maana ninajibu."

Faradji alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. "Mama Véro, naapa kwa Mungu. Yale makofi ilikuwa salamu tu."

"Basi nani alinifukuza?"

Faradji alirudisha mguu juu ya cherehani, lakini hakushona. Na Léocadie, aliyekuja kugombana, alirudi barabarani na swali badala ya ugomvi. Akaliendea jambo kama alivyouendea mchele wake: punje kwa punje.

Mshauri wa pili alikuwa Assumani, muuza samaki wakavu, ambaye mitumbwi yake ilitoka Nyangwe. Alimkuta sokoni kati ya vikapu. Assumani alisema kwamba yeye siku ile masikio yake yalikuwa mtoni, kwa sababu mtumbwi mmoja ulikuwa umechelewa. Alipowasikia wenzake wakipiga makofi, naye akapiga.

"Na kama Shefu angesema ya kama Assumani anyongwe?"

"Mama, ningepiga kwanza. Halafu ningeuliza ni Assumani gani."

Wauza samaki walicheka. Léocadie hakucheka, ila alichukua samaki mmoja aliyepewa bure, maana haki haikatazi kula.

Mshauri wa tatu alikuwa Théophile, katekista, mtu wa kunyooka ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na adabu. Huyu alisikitika kweli. Alisema kwamba heshima kwa wakubwa ni amri, kwamba Monsinyori askofu mwenyewe hupigiwa makofi anapofika kwa kipaimara, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kumpigia watu wamekubali jambo fulani.

"Basi wewe hukukubali, Mwalimu."

"Sikukubali, mama. Hata kukataa sikukataa. Sikujua ya kama tuko kwa njia panda."

Palikuwa na mshauri wa nne, mzee aliyeuza pombe kwa ruhusa ya Shefu, na huyo alimwambia Léocadie kutoka dirishani kwamba hana la kusema, akafunga dirisha. Angalau alikuwa wazi.

Niache simulizi kidogo nitoe hasira yangu. Hapa palikuwa na watu wazima, wenye akili, wanaoheshimiwa na watoto wao, waliopewa kazi ya kuamua, nao walikuwa wakiamua bila kujua kwamba wanaamua. Kikao baada ya kikao makofi yalikuwa yamepita juu ya mambo ya watu: ushuru wa soko umeongezwa, kisima kimehamishwa, familia fulani imenyimwa kibali, na kila mara karani ameandika kwamba wote wamekubali. Mtawala wa teritware aliyasoma hayo akaona senta yenye umoja wa ajabu. Bila shaka alifurahi. Serikali ile ilipenda sana umoja wa watu wasioulizwa.

Karani ndiye aliyebaki. Aliitwa Marcellin, kijana wa Kabambare aliyesomeshwa na mapadri, msafi, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo wake ukaweza kukata mkate. Léocadie alimkuta ofisini mchana akifunga kamba bendera iliyopasuka.

"Bwana Karani, unaniona?"

"Ninakuona, mama. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani ni wapi? Wewe ndiye umeandika."

Marcellin aliiweka bendera mezani. Kwa heshima alimpa kiti, na safari hii Léocadie aliketi. Akamwambia aliyoyasikia kwa Faradji, kwa Assumani, kwa Théophile. Kijana alisikiliza, akawa kama mtu anayehisi tone la mvua shingoni mwake akiwa ndani ya nyumba.

"Lakini walipiga makofi," alisema.

"Walipiga."

"Mama, mimi nilisoma kwa mapadri. Kwa Wazungu, mutu akisema na watu wakipiga makofi, maana yake wamekubali neno lake. Niliona kwa macho yangu siku ya mitihani, na siku Mukubwa wa jimbo alipokuja. Hata iko na jina ndani ya Kifaransa. Niliandika vile nilivyofundishwa."

"Wewe ni mutoto wa wapi?"

"Wa Kabambare, mama. Unajua."

"Bibi yako, akimupigia shefu makofi, anakubali nini?"

Marcellin aliinyosha mikunjo ya bendera. Kisha akasema polepole: "Anakubali ya kama shefu iko shefu."

"Ile tu?"

"Ile tu."

Hakukuwa na hila ndani yake, na kwa hilo Léocadie alimsamehe papo hapo. Kosa lake lilikuwa la mtu aliyefundishwa mahali pawili na kusahau pamojawapo. Lakini kusamehe hakumrudishii mtu parseli. Alimwuliza ni njia gani iliyobaki. Marcellin alimweleza kwamba taarifa ilikuwa haijakwenda kwa Mtawala. Kila kikao kilianza kwa yeye kusoma aliyoyaandika katika kikao kilichopita, na mshauri yeyote aliweza kusimama akasema kwamba sivyo ilivyokuwa. Ndiyo kanuni.

"Na mushauri gani alisimama siku moja?"

"Hakuna hata mumoja."

"Sababu ya nini?"

Kijana akatazama meza. "Ninasoma ndani ya Kifaransa, mama. Nikimaliza, wanapiga makofi."

Hapo ndipo Léocadie, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alipocheka, na kicheko chake kilimwumiza Marcellin kuliko tusi. Alisema hana cha kumwomba ila kimoja: kikao kijacho asome kwa Kiswahili. Marcellin alisema Shefu hatapenda. Léocadie akasema Shefu hakukataza, maana hakuna aliyewahi kufikiria. Hakumwahidi kitu wala hakumtisha. Alimwacha na bendera yake iliyopasuka.

Siku zilizofuata alikwenda kwa Faradji tena, si kwa ugomvi. Mzigo wa Faradji ulikuwa mgumu, na haifai kuucheka. Alikuwa Mngwana, na Wangwana walivumiliwa na Serikali kama mgeni anavyovumiliwa katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Kiti kile cha ushauri kilikuwa heshima ya msikiti mzima. Kumnyima Shefu makofi mbele ya watu lilikuwa tusi. Kumpigia lilikuwa kumfukuza jirani.

"Nitamunyamazia namna gani?" aliuliza. "Mikono itapiga yenyewe. Imezoea."

"Basi umupigie anapoingia," Léocadie alisema. "Kwetu Wamaza shefu anapigiwa akiingia, watu wanashiba makofi, halafu neno linasemwa. Salamu na neno havilali kitanda kimoja."

"Na akimaliza kusema?"

Subira alijibu kutoka ndani: "Akimaliza kusema, ushike nguo yako. Tena unayo ndefu."

Kikao kilifanyika katika jengo la senta, nalo lilikuwa na benchi ya wasikilizaji karibu na mlango. Benchi hiyo kwa kawaida ilikaliwa na mbuzi aliyesemwa vibaya katika kila kikao. Siku ile Léocadie alikuwa ameketi hapo, amefunga kitambaa cheupe, mikono juu ya magoti. Shefu François alipoingia, washauri walisimama wakampigia makofi, na Faradji alipiga kwa nguvu kuliko wote na kwa muda mrefu kuliko wote, hata Shefu mwenyewe akashangaa na kuinua mkono kuwatuliza.

Marcellin alisimama na karatasi yake. "Nitasoma ndani ya Kiswahili," alisema, "ili wazee wote wasikie vizuri."

Shefu aligeuza kichwa. Lakini ni shefu gani awezaye kukataa mbele ya watu kwamba wazee wake wasikie vizuri? Akaitikia kwa kichwa: soma.

Akasoma habari ya mbuzi. Akasoma habari ya vyoo. Kisha akasoma kwamba mwanamke Léocadie, mjane wa Raphaël, aishiye peke yake, ananyang'anywa kibali na kurudishwa kwa ndugu zake, na kwamba parseli yake inarudi mikononi mwa senta. Washauri wote wamekubali. Akanyamaza. Huo ndio ulikuwa wakati wa makofi.

Mikono ya Assumani iliinuka, ikakutana mara moja, ikaachana kama watu wawili waliodhani wanafahamiana. Théophile aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Faradji alikuwa ameingiza kila mkono katika mkono wa kanzu upande wa pili, akaikumbatia nafsi yake kama mwenye homa.

"Kuna nini?" Shefu akauliza. "Muko wagonjwa?"

Faradji alisimama bila kuitoa mikono. "Shefu, tumekusalimu ulipoingia. Uliona."

"Niliona."

"Ile siku ingine pia tulikusalimu. Lakini Karani ameandika ya kama tumekubali. Shefu, miye sikukubali. Hatukuulizwa."

"Makofi yenu ililia. Nilisikia na masikio yangu."

"Ililia juu yako, Shefu. Haikulia juu ya huyu mama."

Mzee muuza pombe alikohoa. Théophile naye akasimama, akasema kwa adabu yake yote kwamba ni kweli, kwamba heshima yao kwa Shefu haijapungua, na kwamba kwa sababu ya heshima hiyo hawataki Shefu apeleke kwa Mtawala neno ambalo halikuwepo. Assumani alisema tu, "Hata miye," akaketi upesi.

François hakupaza sauti. Nimesema hakuwa mtu mwovu; na mtu asiye mwovu, akikamatwa kwa upole, mara nyingi hujua njia ya kutoka. Alimwuliza karani kanuni inasemaje. Marcellin akajibu kwamba kanuni inataka mkaaji asikilizwe, kisha washauri wainue mikono.

"Mama, uko na neno?" Shefu akauliza.

Léocadie alisimama. Hakuwa ametunga hotuba. "Shefu, bwana yangu alikuwa seremala wa Serikali, na milango yake munaipita kila siku, hata huu hapa. Sikuja kuomba huruma. Nimekaa hapa, nimezika hapa watoto, ninatwanga hapa. Munapohesabu watu wa Kasongo, munihesabu. Nimemaliza."

Alipoketi, hakuna aliyepiga makofi, na ukimya ule ulikuwa heshima kubwa kuliko makofi.

"Anayetaka huyu mama arudi Wamaza, ainue mukono," Shefu akasema.

Mkono wa mzee muuza pombe ukainuka, peke yake, ukiangalia dari.

"Anayetaka abaki."

Faradji alihangaika kuitoa mikono yake katika kanzu, ikakwama, na kwa muda mshauri wa kwanza wa Kasongo aliyepata kukataa neno la Shefu alionekana kama kuku aliyefungwa sokoni. Hatimaye mkono ukatoka. Wa Théophile ulikuwa umekwisha simama, na wa Assumani pia.

Marcellin akaandika. Shefu akaendelea na habari ya mbuzi.

Sitaki msomaji adhani kwamba siku ile haki ilitawazwa Kasongo. Hakuna aliyeuliza kwa nini Shefu aliongoza kikao kilichohusu duka la shemeji yake. Swali hilo lilipaswa kuulizwa, na lilipaswa kuulizwa kwanza. Hakuna aliyefungua tena habari za kisima wala za familia iliyonyimwa kibali. Neno "mwanamke aishiye peke yake" lilibaki katika kanuni, likawaondoa wengine katika senta nyingine ambazo hazikuwa na Faradji. Na Faradji mwenyewe, muda wake ulipokwisha, hakupendekezwa tena. Alirudi kwa cherehani yake, na Subira aliwaambia wanawake wa mtaa kwamba sasa angalau mume wake anazungumza nyumbani.

Lakini parseli haikuchukuliwa. Hilo lilitendeka, na lilitendeka kwa mikono ya watu wetu wenyewe bila Mzungu kuitwa.

Kesho yake, jua likiwa limepanda kidogo, Léocadie alijifunga vizuri, akaenda nyumbani kwa Shefu. François alikuwa barazani akinywa chai. Alipomwona, uso wake ukafunga. Léocadie akapiga goti moja, akakunja mikono yake kama bakuli, akampigia makofi ya Wamaza, polepole, mpaka kikombe kiliporudi mezani.

"Unanicheka, mama?"

"Apana, Shefu. Ninakusalimu. Jana ilikuwa jana."

François alimpima kwa macho. Akaita kiti kiletwe. "Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja juu ya mufereji, Shefu. Ule wa nyuma ya soko. Umejaa, na mvua ikija, maji yote machafu itaingia kwa watu. Kanuni inasema kuusafisha ni kazi ya senta."

"Nani alikuambia kanuni inasema vile?"

"Nilimuuliza Karani. Alinisomea ndani ya Kiswahili."

Shefu wa senta ya Kasongo aliutazama mtaa, akautazama uso wa mjane, akamaliza chai yake. Kisha akaingia ndani kutafuta kofia yake, na Léocadie akasimama barazani akimngojea, ili wakauone huo mfereji pamoja.